Karatasi Inayojikata

Tarehe 11 Januari

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako aliye mzima. Macho yangu bado yanaingiza uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, na yeyote atakayekwambia vinginevyo ana wivu. Mvua ilinyesha juzi ikavuja pale pale panapovuja siku zote, nikasogeza cherehani, basi. Mke wa kinyozi wa jirani anakusalimu. Shangazi yako naye anakusalimu, ingawa salamu yake ilikuja na maneno mengine ambayo nayaacha.

Haya, nayaandika. Alikuja Jumapili na binamu yako, yule wa benki. Akajinyoosha akasema, "Wifi, wa kwangu hana vyeti vingi, lakini kila Jumapili yupo kwenye kochi langu." Nikamwambia, "Wifi, hata paka yupo kwenye kochi." Binamu yako alicheka kuliko sisi sote. Ana roho nzuri yule, hajamrithi mama yake.

Umeniuliza kwa nini nataka barua wakati simu ipo. Kwenye simu unasema "nipo sawa, mama," halafu inakata. Kwenye karatasi hakuna mtu anayeweza kuwa sawa kurasa mbili nzima.

Sasa nina shida. Wateja wananiuliza unafanya kazi gani hasa. Nasema utafiti. Wanauliza utafiti wa nini. Nasema wa kisayansi, nao wananitazama kama nimekata kitambaa chao kabla ya kuwapima. Niandikie vizuri, kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la saba, ili nikijisifu nijisifu kwa usahihi.

Na lile la Septemba. Ulisema mkuu wa maabara ataamua Septemba: hicho kitu chako kikifanya kazi, unabaki, kisipofanya, mkataba unaisha na unarudi nyumbani. Sikuulizi unaomba lipi. Mimi nimeshawaambia watu kwamba utabaki, kwa hiyo usiniangushe.

Ni mimi mama yako, mwenye duka linalojulikana.


Tarehe 2 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua imefika, nami ni mzima. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Mchana jua linaupiga ukuta ule, kwa hiyo mwanga naupata, ila unapitia kwa jirani kwanza. Msalimie mke wa kinyozi. Shangazi pia, na umwambie paka hana benki.

Kazi yangu ni hii. Unazo zile karatasi zako za kukatia, ulizozifungia sandukuni na hutaki mtu azishike. Mteja akitaka gauni, unachora nakala kwenye karatasi nyepesi, na nakala ndiyo inayokwenda mezani. Mwili nao uko hivyo. Maelekezo ya asili yanabaki ndani, na nakala inayotoka inaitwa RNA. Ni uzi mrefu wenye herufi nne tu, zinazopangwa na kupangwa tena. Halafu wapo mafundi, yaani protini, ndio wenye mkasi na sindano. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini hivyo: karatasi hubeba habari, fundi hufanya kazi.

Kisha ikaja kuonekana kwamba zipo RNA zinazofanya kazi zenyewe. Uzi unajikunja, herufi ya huku inamshika mwenzake wa kule kama kifungo na tundu lake, mpaka uzi mzima unapata umbo. Umbo likikaa sawasawa, unakata. Hakuna fundi. Ni kama karatasi yako ijikunje pale mezani igeuke mkasi. Zinaitwa ribozimu.

Yangu ni ndogo. Ina mikono mitatu inayokutana katikati, na hapo katikati ndipo penye makali. Inatakiwa kukata mahali pamoja tu pa uzi, si pengine popote. Ukibadilisha herufi moja pale kwenye makali, umbo linaweza kubaki lilelile na bado isikate. Inataka pia chumvi kidogo ya magnesi, la sivyo mikono inasukumana na haitulii. Herufi zake nimezipanga mwenyewe, ndiyo maana naihangaikia. Pengine siku moja, mbali sana, za namna hii zitakata ujumbe wa magonjwa. Tafadhali usiwaambie wateja hilo la mwisho.

Adui yetu ni vidole. Jasho la mkono wa mtu lina kimeng'enya kinachokatakata RNA ovyo, na hata ukikichemsha hakifi. Kwa hiyo kutwa nimevaa glavu. Zipo siku narudi chumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi sijagusa kitu kwa mkono mtupu. Wenzangu ni wapole. Wanafanya kazi na visikilizi masikioni.

Mwanao.


Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Mimi mzima, cherehani nzima, shangazi yako ana mafua lakini ulimi haujaguswa.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikaelewa karatasi. Mara ya pili nikaelewa mkasi. Mara ya tatu nikamsomea mke wa kinyozi, naye akauliza, "Sasa ikishajikata, gauni atavaa nani?" Nikamwambia hayo ndiyo maswali yanayomfanya mume wake anyoe watu upara.

La magonjwa sikuwaambia wateja. Nimemwambia mmoja tu, na nikamwambia asiseme. Sasa wanakuja wakiniuliza kama una dawa ya kisukari, nami najibu kwamba bado inajikunja.

Lakini mwanangu, lile la kutogusa kitu kutwa nzima halijanipendeza. Mimi kitambaa nakijua kwa kidole kabla ya jicho. Huko hakuna hata mtu wa kumpa mkono asubuhi? Hapa mteja akija tunashikana mikono mpaka tunasahau alileta nini. Nimekuandikia kurasa nne ili angalau uwe na kitu cha kushika. Ukurasa wa tatu hauna maana yoyote, ni habari za mwizi wa kuku, lakini nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Sikuulizi kama unakuja likizo. Nauliza tu kama maabara yenu hufungwa.

Mama yako.


Tarehe 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka. Imekata.

Tukitaka kuona, tunapitisha RNA kwenye jeli kwa umeme. Vipande vifupi vinakimbia mbele, virefu vinabaki nyuma, na mwishoni unaona mistari. Uzi mzima ni mstari mmoja juu. Uliokatwa unashuka chini. Leo mstari wa juu haupo kabisa. Mkuu wa maabara amesimama nyuma yangu akasema, "Hm, rudia," lakini alitabasamu, na huyu mama hatabasamu hovyo.

Mwizi wa kuku nimemfurahia. Barua zako zinakaa hapa kwenye meza ya kazi. RNA ikitembea kwenye jeli huwa nasubiri peke yangu, basi nazisoma na kuzirudia. Karatasi imeanza kulainika kwenye mikunjo.

Mwanao.


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu mkataji,

Kaa kitako usome vizuri, maana nina mengi.

Barua yako ilifika duka likiwa limejaa. Nilisimama juu ya kile kigoda cha kupimia pindo nikawaambia, "Imekata." Wakatazamana. Nikawaeleza mistari: juu hakuna kitu, chini kuna kitu, maana yake mtoto wangu amefaulu. Mke wa kinyozi alipiga vigelegele mpaka mumewe akaja na wembe mkononi akidhani tumevamiwa, na nyuma yake mteja mwenye povu shavu moja.

Shangazi yako nilimfuata mwenyewe. Akasema, "Hongera, wifi. Kwa hiyo ndiyo basi, harudi tena." Nikamwambia, "Arudi kufanya nini? Kukaa kwenye kochi?" Nikaondoka kwa maringo. Nilipofika kona nikakuta nimesahau mwavuli wangu kwake, na sikurudi kuuchukua, niliona aibu.

Nimekushonea koti la ndani la kuvaa chini ya lile jeupe lenu. Mkononi nimeacha kitambaa cha akiba, endapo umenenepa. Natumaini umenenepa.

Niandikie mkuu amesema nini safari hii. Nimewaahidi watu habari.

Mama wa aliyefaulu.


Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Pengine barua yangu ya Aprili ilipotea, kwa hiyo nakueleza upya kwa kifupi: nilijisifu, watu walifurahi, nimekushonea koti.

Watu wanauliza habari. Nawaambia una kazi nyingi, mtu aliyefaulu hana muda wa kushika kalamu. Nilikupigia simu Jumatano ukasema, "Nipo sawa, mama." Ndipo nilipojua.

Duka lina kazi za kutosha. Jioni nafunga mapema kidogo. Si kwamba nimechoka, ni kwamba mtaa wenyewe unapoa, na cherehani ikinyamaza nasikia mpaka saa ya ukutani ya kinyozi.

Kama kuna jambo, sema. Kama hakuna, sema pia.

Mama yako.


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Sina habari mpya. Mafua ya shangazi yako yamepona. Mwizi wa kuku amekamatwa, alikuwa ni mbwa.

Siku hizi mke wa kinyozi haulizi tena habari zako, anauliza tu kama nimekula. Nami najibu kama mtu asiyejua kwa nini ameulizwa.

Sikuulizi kitu.

Mama.


Tarehe 3 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Barua zako zote zimefika. Koti limenienea, akiba ya mkononi sikuihitaji.

Haikukata, mama. Yaani ilikatika, lakini si yenyewe.

Kila ninapojaribu naandaa mirija miwili. Mmoja una magnesi, ndio unaotakiwa kukata. Mwingine hauna magnesi, na huo unatakiwa ubaki mzima. Ndio unaonijulisha kama nasema kweli. Ile siku ya Machi nilipitisha wa kwanza peke yake, kwa pupa. Niliporudia na yote miwili, yote ilikuwa imekatika. Tena haikukatika mahali pamoja. Chini hapakuwa na mistari, palikuwa na ukungu tu, uzi umetafunwa kila mahali. Huo ni uchafu wa vidole. Nilibadilisha maji, mirija, chumvi, nikaosha meza kwa dawa. Bado. Aprili yote, Mei yote. Mkuu akaacha kusimama nyuma yangu.

Juni alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akasema, "Fanya kazi kama kawaida, mimi nakutazama tu." Nikafanya. RNA ilipoanza kutembea kwenye jeli nikasubiri, na nikiwa nasubiri nikanyoosha mkono kwenye barua yako. Akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikasema barua ya mama. Akauliza, "Huwa unaishika ukiwa na glavu hizo hizo?"

Glavu hizo hizo, mama. Nilikuwa nashika barua, halafu nashika mirija. Vidole vyako viko kwenye karatasi, na vyangu vya chumbani pia. Sikuwaza hata mara moja. Sakafu nilishuku, hewa nilishuku, hata yule mwenzangu mrefu anayepiga chafya nilimshuku. Barua zako sikuzishuku.

Sikujua nikuandikieje, na wewe ulishasimama juu ya kigoda. Sasa barua zipo chumbani, nazisomea kwenye ngazi za nje nikitoka kazini. Nimeanza upya tangu mwanzo, na Septemba ni Septemba. Uwezekano wa kurudi nyumbani ni mkubwa. Wewe endelea kuniandikia, karatasi haina kosa.

Mwanao.


Tarehe 18 Julai

Mwanangu,

Nimekusoma. Nimekaa. Nikainuka nikanawa mikono, sijui kwa nini, halafu nikakaa tena.

Kwanza niliumia, sikufichi. Nilijiambia: mtoto nimemsomesha, na mkono uliomsomesha umekuwa uchafu. Kisha nikatazama vidole vyangu pale kwenye meza. Nikasema, ngoja. Vidole hivi viko hapa, chini ya bati linalovuja. Na vimefika mpaka kwenye maabara ya watu, vikapita milango yote, vikakatakata kitu ambacho hata nyinyi wenye shahada mlishindwa kukikata. Jioni hiyo nilimwambia mke wa kinyozi, "Unaona mkono huu? Una nguvu kuliko ribozimu." Akasema, "Basi usiniguse." Tukacheka mpaka akapaliwa.

Kwa hiyo wateja wameshajua. Nimewaeleza mwenyewe kwamba haikukata, nimesimama chini, si kwenye kigoda. Wamesema pole. Shangazi yako yeye alinirudishia tu mwavuli.

Sasa nisikilize. Umesema niendelee kuandika. Sitaandika. Si kwa hasira. Utasema barua inabaki chumbani, lakini mimi nakujua, wewe ulikuwa ukificha peremende kwenye soksi. Siku moja utachoka, utaiweka mfukoni, utaigusa kidogo tu. Nitanyamaza mpaka Septemba ipite. Fanya kazi yako kwa mikono safi, nisiwe mimi niliyekurudisha nyumbani. Ukirudi, urudi kwa miguu yako mwenyewe.

Usinijibu, maana ukinijibu nitaandika.

Mama yako, mwenye mkono.


Tarehe 9 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana sina njia ya kujua. Kwenye simu sasa ni wewe unayesema "nipo sawa."

Niliitengeneza upya. Nikaipasha moto mpaka ikakunjuka yote, nikaiacha ipoe taratibu ijikunje inavyotaka, bila kuharakishwa. Mrija usio na magnesi: mstari mmoja juu, mzima, haujaguswa. Mrija wenye magnesi: mistari miwili chini, myembamba, misafi kama mishono. Imekata pale pale nilipoipangia, si pengine. Nimerudia. Mkuu akarudia yeye kwa mkono wake, nikiwa sipo maabara. Mistari ni ileile.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa na barua mpya ya kusoma.

Wamenipa miaka mitatu. Kazi ni yangu nikisema ndiyo, na natakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Mkuu alipoona sifurahi haraka akasema, "Kuna mtu unataka kumwuliza?" Nikasema yupo.

Nakuuliza, mama. Hapa kazi naipenda na watu siwajui. Sijawahi kukaa na mtu tukala na kuzungumza mpaka sahani ikakauka. Lakini naiona ikijikunja hata nikifumba macho, na nataka kujua inafanyaje. Ukisema rudi, nitarudi, na sitakulaumu hata siku moja. Huko kwetu nitafundisha. Niandikie. Neno moja linatosha.

Mwanao.


Tarehe 20 Septemba

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Mimi ni mzima, na safari hii sikudanganyi sana. Goti la kushoto linanisumbua kwenye kanyagio la cherehani, nikikanyaga muda mrefu. Nilikuwa sijakwambia. Mke wa kinyozi amejifungua mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi, baba yake anamtazama kama mteja. Kwa hiyo mama huyo haji tena dukani mchana. Hilo nalo sikukwambia.

Barua yako ililetwa nikiwa nakata suruali. Niliifungua na kabla ya kusoma chochote macho yangu yalikwenda yakitafuta neno "narudi." Yalipita juu ya mistari yako misafi, yakapita juu ya miaka mitatu, yanatafuta. Sikuyatuma, yalikwenda yenyewe. Hayakuliona. Ndipo nikarudi mwanzo nikasoma vizuri, kama mama, nikafurahi. Nakueleza mpangilio ulivyokuwa kwa sababu umeniuliza, na mtu akiulizwa kwa heshima hivyo hajibu kwa majigambo.

Nilichukua karatasi nikaandika "rudi." Nilitaka kuona tu inavyokaa. Ilikaa vizuri, mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Niliiacha mezani siku mbili, nakata kitambaa pembeni yake. Najua ingefika, na najua ungefunga mizigo siku hiyo hiyo. Isingehitaji mtu wa kuisukuma. Neno moja la mama ni kitu kikali, mwanangu, na kazi yako nimeshaikata mara moja bila kukusudia. Sasa nimejua, nikikata tena nitakuwa nimekusudia.

Ile nimeichoma. Hii ndiyo ninayoituma.

Baki. Sema ndiyo kabla ya mwisho wa mwezi, useme kwa sauti, usimung'unye maneno. Kisha mtafute hata mtu mmoja, huyo anayepiga chafya basi, mkae mle mpaka sahani ikauke. Nitaendelea kuandika, kurasa nne nne, na utasomea kwenye ngazi.

Jana nimewatangazia watu dukani kwamba umepewa miaka mitatu na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekukataza kurudi. Nilisimama wima kabisa nikisema. Sijawahi kujisifu na pasiwe na mtu wa kunijibu, lakini jana hakuna aliyejibu. Wateja wakachukua nguo zao mmoja mmoja wakaaga. Shangazi yako alikuwa amekaa pale mlangoni, na nilimsubiri aseme la kwake. Yeye akavuta kiti karibu, akashika upande wa pili wa shuka niliyokuwa nafumua pindo lake, akaanza kuchomoa nyuzi. Tukachomoa mimi huku yeye kule, hadi wakati wa kufunga duka, na hata kufunga alinisaidia.

Mama yako.